Mji Mkongwe kwenye Mario Kart: njia ianzie Mizingani

Ombi la mashabiki mlilolitaja, kwamba Mario Kart, mchezo wa video wa mbio za magari, upate njia ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni la haki. Mario Kart Tour, toleo la simu, ilipita New York, Tokyo, Paris hadi Bangkok, Afrika haikupata hata mji mmoja.

Lakini ile ramani iliyochorwa na shabiki, inayoanzia vichochoro vya Mkunazini, haiwezekani. Mario Kart World, toleo jipya, ina madereva 24 kwenye mbio moja. Wote watakwama kona ya mwanzo. Tena kona za ghafla zinakata drifti, yaani kuteleza konani ili upate msukumo wa kasi: cheche za magurudumu, zinazoonyesha msukumo ulioujaza, hazifiki buluu, seuze za machungwa zenye nguvu zaidi.

Anzeni Mizingani, barabara ya pwani, mpite Beit al Ajaib mpaka Forodhani. Njia za miji za Tour, zilipoletwa kwenye Mario Kart 8 Deluxe, zilibadilisha mkondo raundi hadi raundi, na hapo ndipo penye utamu: ya kwanza pwani, ya pili Darajani sokoni, ya tatu ndo vichochoro, maana madereva wameshatawanyika. Na pale ukutani Forodhani, vijana wanaporuka kupiga mbizi jioni, wekeni rampu. Kwenye World gari hukimbia juu ya maji, basi lirukie baharini, lizunguke ngalawa, lipande tena gatini. Njia hiyo ningeicheza kila siku.