Pauni 40 za Elizabeth Bennet

Wanaombeza Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, wana hoja inayoeleweka. Riwaya sita, na zote ni za mabinti wa mamwinyi wa Uingereza wanaosaka wachumba. Watu wananywa chai, wanatembeleana, wanacheza dansi. Napoleon anaitikisa Ulaya nzima, kaka wawili wa mwandishi wamo katika jeshi la majini, lakini katika Pride and Prejudice (1813) vita vinafika tu kama maofisa wenye sare nyekundu wanaowazuzua wasichana. Mwandishi mwenzake Charlotte Brontë, mwaka 1848, alikifananisha kitabu hicho na bustani iliyozungushiwa ua, isiyo na hewa ya wazi.

Lawama nzito zaidi iko katika Mansfield Park (1814). Sir Thomas, bwana wa nyumba hiyo, ana mali Antigua, kisiwa cha miwa na watumwa. Fanny, mpwa wa mkewe, anamwuliza kuhusu biashara ya watumwa, na sebule nzima inanyamaza. Hadithi inaendelea. Ukimya ule unaweza kuwa shutuma, unaweza kuwa ukwepaji. Mimi mwenyewe huyumba.

Ila mtu akiniambia Austen ni mwandishi wa mapenzi, humwuliza kama amepiga hesabu. Katika Pride and Prejudice, shamba la Bwana Bennet, baba yake Elizabeth, linaingiza pauni 2,000 kwa mwaka, lakini limefungwa kisheria lirithiwe na mwanamume, na yeye ana mabinti watano. Mchungaji Collins, atakayelirithi, anapomposa Elizabeth anamkumbusha kwamba fungu lake ni pauni 1,000 zenye faida ya asilimia 4, tena mpaka mama yake afe. Yaani pauni 40 kwa mwaka. Darcy, bwana tajiri anayemposa baadaye, anaingiza 10,000. Posa gani hiyo inayokuja na taarifa ya benki! Na Elizabeth anamkataa Collins. Ukiisahau ile 40, unamwona msichana mwenye maringo. Ukiikumbuka, mama yake anayepayuka kutwa kuhusu wachumba haonekani tena mjinga kiasi kile.

Kuna sura moja ya Sense and Sensibility (1811) ambayo mtu yeyote aliyekaa kikao cha mirathi ataitambua. John Dashwood amemwahidi baba yake anayekata roho kwamba atawasaidia mama wa kambo na dada zake watatu. Anawaza kuwapa pauni 3,000. Mkewe anaanza kunong'ona. Zinashuka hadi 500 kwa kila dada. Halafu labda mama apewe 100 kila mwaka? Hapana, mke anasema, watu wanaolipwa kila mwaka hawafi. Basi 50 mara mojamoja. Mwisho wanakubaliana kuwasaidia kuhama, na kuwapelekea samaki na nyama ya porini msimu ukifika. Hakuna aliyepaza sauti, na wote wawili wanajiona wema.

Hayo Austen hakuyasikia kwa jirani. Baba yake alifariki katika mji wa Bath mwaka 1805, na yeye, mama na dada yake wakaishi kwa michango ya kaka zao, wakihamahama, hadi mmoja wao, Edward, alipowapa nyumba katika kijiji cha Chawton mwaka 1809. Kabla ya hapo, Desemba 1802, alikubali kuolewa na mrithi wa shamba kubwa. Kulipokucha akavunja ahadi. Haki za Pride and Prejudice aliziuza kwa pauni 110.

Kwa hiyo ua wa Brontë upo kweli, ila Austen anautazama kutoka ndani, na anajua bei ya kila kigingi. Mtazame Charlotte Lucas, mwenye miaka 27, anayemchukua Collins aliyekataliwa na rafiki yake. Elizabeth anapomtembelea, anashangaa kwa nini Charlotte hukaa chumba cha nyuma wakati kingine ni kikubwa na kizuri zaidi. Baadaye anaelewa. Chumba cha mumewe kinatazama barabara. Charlotte naye angekaa upande huo wenye mandhari, Collins angekuwa anashinda kwake.