Historia ya Uskoti si ya wafalme peke yao

Mwandishi wa makala ninayoijibu anadai kuwa vitabu vya zamani kuhusu Uskoti vilijali wafalme na vita tu, na kwamba maskini hawakupewa nafasi ya kujisimulia, lakini amezisahau juzuu 21 za Statistical Account of Scotland, yaani maelezo ya Uskoti parokia kwa parokia, zilizochapishwa Edinburgh kati ya 1791 na 1799, ambazo Sir John Sinclair, mwanasiasa wa Uskoti, alizikusanya kwa kuwatumia wachungaji wa parokia zaidi ya 900 maswali yapatayo 160. Humo mna ujira wa kibarua, bei ya nyama na siagi, hata manung'uniko ya mchungaji kuhusu mshahara wake. Waliochelewa kujibu, nao hawakuwa wachache, walisumbuliwa kwa barua ili waandike. Mmoja kajaza kurasa tele, mwenzake kaandika chache kana kwamba wino ulikuwa wa kukopa. Ila maskini wamesimuliwa na mchungaji, hawakujisimulia wenyewe, na hapo nakubaliana na mwandishi.