Moli au nomalite: kemia ya sekondari Lubumbashi ianzie wapi?

Katika madaftari ya kemia ya sekondari hapa Lubumbashi, somo la miyeyusho lina vipimo vitatu vinavyofuatana: molarite, nomalite na molalite. Molarite husema moli ngapi za kitu, yaani mafungu mangapi yenye idadi maalumu ya chembe, zimo ndani ya lita moja ya myeyusho. Nomalite (alama yake N) huhesabu ekivalenti zilizo ndani ya lita hiyo; ekivalenti ni kiasi kinachotoa au kupokea moli moja ya protoni, yaani hidrojeni H+. Molalite, yaani moli kwa kilo moja ya kiyeyushi, hupitwa haraka na haina mgomvi. Ubishi uko kwenye nomalite: kuna walimu wanaoishika kwa mikono miwili, na kuna wanaotaka iondoke darasani, moli ibaki peke yake. Mimi niko upande wa moli. Lakini hoja za upande wa pili ni nzito, na anayezidharau hajawahi kusahihisha kazi za darasa zima.

Chukua swali la kawaida. Mililita 10 za asidi ya sulfuriki ya moli 0.1 kwa lita zinahitaji mililita ngapi za soda kostiki (NaOH), nayo ya moli 0.1 kwa lita, ili asidi yote izimwe? Mwanafunzi aliyekariri kwamba molarite mara ujazo ni sawa pande zote mbili atajibu 10, na atakosa. Molekuli moja ya asidi hiyo hutoa protoni mbili, na kila NaOH huchukua moja tu:

H2SO4 + 2NaOH → Na2SO4 + 2H2O

Jibu ni 20. Aliyefundishwa nomalite hanaswi na mtego huo: asidi ni 0.2 N, soda ni 0.1 N, na 0.2 × 10 ni sawa na 0.1 × 20. Kanuni ni hiyo hiyo kwa asidi ya kloridriki, ya sulfuriki, hata kwa chokaa. Kwenye Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ambako mtu anachagua jibu huku saa inakimbia, kanuni moja isiyodai kusawazisha mlinganyo ni msaada mkubwa. Na shule nyingi hazina bureti (mrija wa kupimia kimiminika) wala kiashiria (rangi inayoonyesha asidi imekwisha), kwa hiyo mwalimu hana njia ya kuonyesha kwa macho kwamba soda inayohitajika ni mara mbili.

Ekivalenti ina ukoo wa heshima pia. Jeremias Benjamin Richter alikuwa akipima uzito wa besi unaozima uzito fulani wa asidi tangu miaka ya 1790, kabla kemia haijawa na fomula. Hata mwaka 1860, wanakemia walipokutana Karlsruhe, walikuwa bado hawajakubaliana kama maji yaandikwe HO au H2O. Ekivalenti ilifanya kazi gizani: mizani ilitosha, bila kujua idadi ya atomu. Ndiyo maana ilidumu.

Lakini sisi hatuko tena gizani. Fomula tunazo. Moli iliingia katika vipimo vya kimataifa mwaka 1971, na tangu tarehe 20 Mei 2019 ni idadi kamili: chembe 6.02214076 × 10²³. Moli ya asidi haibadiliki kwa sababu ya utakachoifanyia, ila nomalite hubadilika, na kwangu hilo ndilo kosa lake kubwa. Asidi ya fosforiki ya moli 1 kwa lita ni 1 N ukiipima kwa kiashiria cha heliantini, kinachogeuka rangi protoni ya kwanza ikizimwa, ni 2 N ukitumia fenoftaleini, kinachongoja ya pili, na ni 3 N kwa anayehesabu hidrojeni zote kwenye karatasi. Chupa ni ile ile. Pamanganati ya potasiamu, ambayo ekivalenti yake huhesabiwa kwa elektroni, ina shida hiyo hiyo: molekuli yake huchukua elektroni tano katika mazingira yenye asidi, tatu katika mazingira yasiyo na asidi wala besi. Mtu akiandika "0.1 N" kwenye lebo bila kutaja mmenyuko, anayefuata hajui kilichomo.

Kuna jambo jingine, na kwa mji wa shaba kama wetu linanigusa zaidi. Malori ya asidi ya sulfuriki huvuka Kasumbalesa, kwenye mpaka na Zambia, kuja migodini, ambako asidi huyeyusha shaba na kobalti kutoka kwenye mawe. Tani moja ya asidi ya asilimia 98 ina kilo 980 za H2SO4 halisi. Gawanya kwa gramu 98, uzito wa moli moja: moli 10,000. Kila moli inadai moli moja ya chokaa iliyozimwa, Ca(OH)2, yenye gramu 74. Basi tani hiyo ikimwagika, inahitaji kilo 740 za chokaa. Ukipita njia ya ekivalenti, 20,000 mara gramu 37, unafika kwenye kilo 740 zile zile.

Tofauti iko kwenye kile ambacho njia ya pili haikusemi. Mlinganyo unakuonyesha salfeti ya kalsiamu ikizaliwa; ikishika maji yake na kuwa jasi, ni kilo 1,720 za tope jeupe ambalo lazima likae mahali. Ukitumia mawe ya chokaa, CaCO3, unahitaji tani nzima, na kilo 440 za gesi ya kaboni zinatoka. Februari 2025 bwawa la mabaki ya mgodi lilibomoka karibu na Kitwe, ng'ambo ya mpaka, maji yenye asidi yakaingia mto Kafue, na serikali ya Zambia ikamwaga chokaa mtoni, hata kwa ndege. Kijana wa Lubumbashi anayesikia habari hiyo anastahili kuweza kuuliza: chokaa kiasi gani, na baada ya hapo mtoni kunabaki nini? Swali la pili nomalite hailijibu.

Sisemi ifutwe. Maabara za hospitali bado hutoa majibu ya chumvi za damu kwa miliekivalenti (sehemu za elfu za ekivalenti), na Exetat haitabadilika kesho. Ninachotaka ni mpangilio: mlinganyo na moli kwanza, kwa majuma ya kutosha, hadi mwanafunzi aone mwenyewe ile mbili ya NaOH inatoka wapi. Nomalite ije mwisho, kama njia ya mkato ambayo sababu yake anaijua.

Watunga maswali nao wana deni. Swali linalotaja asidi ya fosforiki ya 0.3 N na kutaka molarite yake, bila neno zaidi, lina majibu matatu ya haki: 0.3, 0.15 na 0.1. Anayeijua kemia vizuri ndiye atakayesita na kupoteza muda. Yaongezwe maneno machache tu, "ikizimwa hadi Na2HPO4", na jibu linabaki moja, kwa kuwa protoni mbili ndizo zinazotolewa: 0.15.