Wanaokataa Mfumo Mpya Hawaogopi Mabadiliko

Kuna sentensi moja imenichosha. Mtu akisema tu kwamba kompyuta yake haifanyi kazi vizuri tangu ipandishwe toleo la Windows, mfumo wa Microsoft unaoendesha kompyuta nyingi, anakatwa hapo hapo: "Nyie mnaogopa mabadiliko." Juzi nimeisikia tena, na safari hii aliyeambiwa ni shangazi yangu.

Shangazi ni mwalimu mstaafu. Kompyuta amejifunza ukubwani, kwa daftari, akiandika hatua moja moja. Kazi aliyojipa ni kuziskani barua za zamani za familia, zile ambazo wino wake unafifia, na kuzipanga kwenye folda kwa miaka. Akahamishiwa mfumo mpya, skana ikanyamaza. Taa inawaka, waya uko sawa, ila kompyuta haiioni kabisa. Ikaja kujulikana kwamba mtengenezaji wa skana hakutoa draiva, yaani programu ndogo za kuunganisha kifaa na kompyuta, za modeli ile kwa mfumo mpya, na hana mpango wa kuzitoa. Fundi akamwambia: "Mama, kubali tu mabadiliko, ununue nyingine." Shangazi akanigeukia: "Mwanangu, mimi kipya sijakikataa. Nauliza changu kimekosa nini."

Swali hilo halina jibu, kwa sababu skana ile haijakosa kitu. Na anayediriki kumwambia mwanamke aliyeanza kujifunza kompyuta akiwa na mvi kwamba anaogopa mabadiliko, hajui anachokisema.

Tazama watumiaji wenyewe walivyofanya kwa miaka yote hii. Toleo la Windows Vista lilipotoka Januari 2007, watu wengi walilikwepa wakabaki na la kabla yake, XP: mashine zilikuwa nzito, draiva hazijawa tayari, na kila hatua kikajitokeza kidirisha cha kuomba ruhusa. Mwaka 2009 ikaja Windows 7, na watu wale wale wakahamia kwa furaha. Hofu yao ilikwenda wapi ndani ya miaka miwili? Oktoba 2012 Windows 8 ikatoka bila kitufe cha Start, kile cha kufungulia orodha ya programu. Walioulizia walijibiwa kwamba watazoea. Mwaka mmoja baadaye, toleo la 8.1 likakirudisha kitufe mahali pake. Kwa hiyo waliolalamika hawakuwa wagumu wa kuelewa. Walikuwa wanatoa taarifa sahihi zaidi kuhusu chombo wanachokitumia kila siku, kuliko hata waliokiunda. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nadhani tunachanganya mambo mawili. Watu hawapigani na upya. Wanapigana na kutoulizwa.

Windows 10 ilitolewa tarehe 29 Julai 2015, na kwa mwaka mzima waliokuwa na toleo la 7 au 8.1 waliweza kuhamia bure. Ofa nzuri, nakubali. Lakini mwaka 2016 kidirisha kilichokuwa kikiwakumbusha watu kuhamia kikabadilishwa: kikawa kinatangaza kwamba kompyuta yako imeshapangiwa saa ya kuhamishwa, na ukikifunga kwa alama ya X pale juu kwenye kona, ratiba inabaki vile vile. Fikiria uzito wa jambo hilo. Kwa miaka mingi kwenye madirisha ya Windows, alama ya X imekuwa na maana moja: sitaki, funga, ondoka. Ndiyo miongoni mwa alama za kwanza ambazo mtu anafundishwa. Waliojifunza kwamba X ni kukataa waliamka asubuhi wakakuta mfumo mwingine kwenye meza zao, wengine katikati ya kazi, wengine programu zao za biashara hazifunguki. Mfanyabiashara mmoja mdogo wa California alikwenda mahakamani kwa sababu ya kuhamishwa ambako hakukuomba, na akalipwa dola 10,000. Mwishoni mwa mwaka huo Chris Capossela, aliyekuwa mkuu wa masoko wa Microsoft, alikiri hadharani kwamba walivuka mpaka.

Kukiri ni jambo jema. Lakini mtu ambaye "hapana" yake iligeuzwa kuwa "ndiyo" haamini tena kidirisha chochote. Ndiyo maana hadi leo unakuta watu wazima wenye akili timamu wamezima masasisho yote kabisa, pamoja na yale ya usalama ambayo yangewalinda. Imani yao ilivunjwa na waliokuwa na wajibu wa kuitunza, halafu sasa wao ndio wanaitwa wazembe.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: masasisho ya usalama si mzaha. Mei 2017 WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai fedha, ilizipiga kompyuta duniani kote, na huko Uingereza hospitali zikalazimika kuahirisha huduma za wagonjwa, ilhali kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu la usalama ambalo ilipitia, kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka huo huo. Siwezi kumshauri mtu abaki kwenye mfumo usiopata viraka huku akifanya miamala ya benki humo. Lakini kuziba tundu ni kitu kimoja, na kuhamisha menyu, kubadilisha programu ya picha na kuondoa uwezo uliokuwepo ni kitu kingine. Vimefungwa kwenye kifurushi kimoja kwa uamuzi wa watu, na uamuzi wa watu unaweza kubadilishwa.

Jambo linaloniuma zaidi ni njia ya kurudi.

Ukihamia Windows 11 kutoka 10, una siku 10 za kuamua kama unarudi ulikotoka. Baada ya hapo folda ya Windows.old, iliyohifadhi mfumo wako wa zamani, inafutwa, na kurudi kunabaki kuwa ni kusafisha diski na kuanza upya. Wakati Windows 10 inatoka, muda huu ulikuwa siku 30. Ulipunguzwa mwaka 2016.

Sasa fikiria mtu wa kawaida anavyotumia kompyuta. Barua pepe na intaneti atazigundua siku ya kwanza kama zina shida. Lakini matatizo makubwa hayakai kwenye kazi za kila siku, yamejificha kwenye kazi za mara moja moja. Ile programu ya hesabu inayofunguliwa mwisho wa mwezi. Printa ya stika inayowashwa mzigo ukija. Faili la mitihani linalohitajika mwisho wa muhula. Programu ya cherehani ya kudarizi, kifaa cha kupima sukari kinachounganishwa na kompyuta kabla ya kwenda kliniki. Mtu anahamia tarehe 3, kila kitu kinang'aa, anasifu hata kwa jirani. Tarehe 30 anafungua hesabu zake na zinagoma. Mlango umeshafungwa muda mrefu, na yeye hakujua hata kama kulikuwa na mlango.

Na mashine yenyewe inaweza kungoja. Ndani ya Windows ipo amri ya DISM, ile ya Set-OSUninstallWindow, ambayo ukiiandika kwenye dirisha la amri kama msimamizi, kabla ya siku 10 kwisha, inarefusha muda hadi siku 60. Siku 60! Uwezo upo, umeshajengwa, unafanya kazi. Kilichokosekana ni sehemu ya kuuchagua kwenye mipangilio, kwa maneno ambayo shangazi yangu angeyasoma akaelewa. Anayejua amri anapata miezi miwili, asiyejua anapata siku kumi, na asiyejua ndiye anayeuhitaji muda huo zaidi. Sijaona sababu ya kiufundi inayoweza kutetea hilo. Nafasi kwenye diski? Basi muulize mwenye diski.

Halafu watumiaji wanaambiwa watoe maoni. Wanatoa. Oktoba 2018 sasisho kubwa la Windows 10 lilisimamishwa siku chache baada ya kutolewa kwa sababu lilikuwa linawafutia baadhi ya watu nyaraka na picha zao. Kampuni ilisema waliopatwa ni wachache sana, na huenda ni kweli, lakini aliyepoteza picha za marehemu wake hapati nafuu kwa kuambiwa ni mmoja kati ya wachache. Kinachosikitisha ni kwamba baadhi ya wajaribuji walikuwa wameripoti kufutika kwa mafaili kabla sasisho halijatoka kwa umma. Ripoti zao hazikupigiwa kura nyingi na wajaribuji wenzao, zikazama. Baadaye ndipo ikaongezwa sehemu ya mjaribuji kueleza ukubwa wa tatizo. Ilibidi watu wapoteze mafaili ndipo kilio cha wachache kipewe uzito wake.

Kuna mengine nayataja tu. Kulazimishwa akaunti ya mtandaoni ili kuwasha kompyuta uliyoinunua mwenyewe. Menyu ya kitufe cha kulia cha kipanya iliyofupishwa, ukitaka kilichokuwepo ubonyeze mara ya pili. Macintosh, kompyuta za Apple, nao si watakatifu: mfumo wao wa macOS Catalina wa 2019 uliacha kabisa programu za biti 32, zile za mtindo wa zamani, na watu wakaamka na programu walizozilipia zisizofunguka tena.

Kubwa la sasa ni mashine zenyewe. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele isipokuwa chache. Hizo zilianza kuuzwa 2017. Aliyenunua kompyuta nzuri mwaka huo huo ikiwa na prosesa ya kizazi cha saba yuko nje. Mashine haijachoka, ina kumbukumbu ya kutosha, inafungua kila anachotaka, ila jina lake halimo kwenye orodha. Msaada wa bure wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji wa nyumbani wakapewa nyongeza ya viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026: ulipe dola 30, au uhifadhi mipangilio yako kupitia akaunti ya Microsoft, au utoe pointi 1,000 za zawadi zao. Kwa nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya, baada ya watetezi wa walaji kupaza sauti, masharti yakalegezwa na malipo yakaondolewa.

Nimelisoma hilo la Ulaya nikafurahi na kukasirika kwa pamoja. Nilifurahi kwa kuwa linaonyesha malalamiko yanafanya kazi. Nilikasirika kwa kuwa usalama ule ule, wa kiraka kile kile, unategemea unaishi wapi.

Kwa hiyo ninayoyataka ni haya, na siyaoni kuwa makubwa. Viraka vya usalama vitenganishwe na mabadiliko ya sura. Kitufe cha kukataa kiwe na maana ya kukataa. Muda wa kurudi uwe siku 60 kwa kila mtu, na siku zinapokaribia kwisha mtumiaji aarifiwe kwa lugha nyepesi. Kabla ya kuhamisha, kompyuta imwambie mwenyewe ni vifaa gani vilivyounganishwa havitafanya kazi upande wa pili, kimoja kimoja, kwa majina yake.

Na wewe unayewahamishia wengine mifumo, fundi, mtoto wa nyumbani, yule anayeitwa kila kompyuta inapogoma: kaa kwanza na mwenye kompyuta muorodheshe vitu anavyovitumia mara moja kwa mwezi au kwa mwaka. Nakili mafaili yake kwenye diski ya nje. Ukishahamisha, refusha muda wa kurudi siku hiyo hiyo, kisha mpitie orodha yote pamoja kabla hujaondoka. Kama skana imekataa, mrudishie mfumo wake, kisha mtafute njia nyingine bila haraka.