Jaketi la Ukaguzi

Wiki iliyopita pale Kibirizi, mwalo wetu wa boti hapa Kigoma, nilimwomba utingo wa boti jaketi okozi. Akanijibu kwa upole kabisa: "Kaka, hayo ni ya ukaguzi." Na yalikuwepo, mengi tu, yamefungwa kamba kwenye turubai na kusukumwa kule mbele chini ya magunia ya mihogo. Mapya, bado yana nailoni zake. Machache yaliyobaki nje yalikuwa na kazi: yamekaliwa.

Sasa nisikilizeni. Kinachokuelesha ni sponji ya ndani. Ukiikalia kila siku Kibirizi–Mwamgongo–Kagunga inabonyea, na siku ukiihitaji nguvu yake imeshakwisha. Na yale ya chini ya mihogo? Boti ikipinduka haitakusubiri ufungue fundo. Wapo wanaosema watalivaa mambo yakichafuka. Utalivaa saa ngapi? Umo majini, giza, wimbi linakupiga usoni, mwenzako kakukaba shingo, ndiyo kwanza utafute mkanda wa kiunoni! Tena ziwa lenyewe Tanganyika, linalofika kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Humu hakuna kusema utasimama.

Halafu kuna wale wa "mimi nimezaliwa ziwani." Hongera. MV Nyerere, kivuko cha kule Ziwa Victoria, ilipopinduka Septemba 20, 2018 ilikuwa imebakiza kidogo tu ifike gati la Ukara, watu nchi kavu wanaiona. Walikufa zaidi ya 200. Unadhani mle hawakuwemo wazaliwa wa visiwani?

Kinachonichoma hasa ni hiki. Mtalii anayekwenda Gombe kutazama sokwe hupita maji haya haya. Kabla injini haijawashwa ameshavishwa jaketi, vifungo vimekazwa kimoja kimoja, na akileta ubishi anabembelezwa mpaka avae. Sokwe lazima wapate wageni wazima, bwana. Mama wa Mwamgongo mwenye mtoto mgongoni yeye analipa nauli na kuonyeshwa dumu la mawese akae juu yake. Mtoto yule je? Jaketi la saizi yake mimi sijaliona kwenye boti zetu. Ukimvisha la mtu mzima, akiingia majini anachomoka kwa chini, jaketi linabaki linaelea peke yake.

Haya, yana joto. Yananuka dagaa. Na wenye boti wanalia kwamba abiria wanashuka nayo. Hilo nalo, shingo upande, nakubali, maana Kigoma tunajuana. Basi yaandikwe namba, na mtu asipewe mzigo wake mpaka arudishe. Kuna ugumu gani?

Kujaza watu kupita kiasi, sigara kando ya madumu ya petroli, kuondoka usiku na upepo umeshachafuka: hayo tumeyasema mpaka midomo imekauka.

Wakaguzi wetu, shikamooni. Mnakuja mwaloni, mnahesabu, hesabu inatimia, mnaandika. Safari ijayo msihesabu Kibirizi. Tusubirini mbele ya Kalalangabo, boti ikiwa imeshashika mwendo, mtazame vifua vya watu. Mkikuta hata mmoja hajavaa, boti nzima igeuzwe. Nitanuna kuliko wote, hasa nikiwa nawahi harusi Kagunga. Igeuzeni hivyo hivyo.