Anayeambiwa "potezea" ana nini mkononi?

Mtu akilalamika ana msongo wa mawazo, jibu analopewa mara nyingi ni neno moja: potezea. Bosi amekaripia, potezea. Mtoto amechagua kozi usiyoitaka, potezea. Wanaotoa ushauri huu wana hoja. Mengi yanayotukosesha usingizi hayamo katika uwezo wetu, na kung'ang'ania kuyaendesha kunatuchosha tu. Epictetus, aliyewahi kuwa mtumwa katika dola la Kirumi, alifundisha karibu miaka 1,900 iliyopita kwamba mtu atenganishe yaliyo katika uwezo wake na yasiyo katika uwezo wake. Wahenga wetu nao walisema jitihada haiondoi kudura.

Na kuna watu ambao ushauri huu ni dawa yao kabisa. Katika shughuli nyingi za familia yupo dada mkubwa asiyekaa. Ameonja pilau, amehesabu sahani, amegombana na mpambaji, amempigia MC simu kuulizia ratiba anayoijua kwa moyo. Mawifi wamekuja wamejifunga khanga, wako tayari kusaidia, anawanyang'anya mwiko. Jioni hajatia kitu tumboni, kesho yake presha imepanda. Huyu akiuachia mwiko, pilau litaiva vilevile, na ataila akiwa ameketi na wenzake.

Wasiwasi wangu unaanza pale maneno hayo hayo anapoambiwa mtu ambaye tangu hapo hajashika kitu.

Chukua foleni ya jioni Dar es Salaam. Meneja yumo kwenye gari lake, kiyoyozi kinapuliza. Akiacha kupiga honi na kufungua redio, amepona. Mshahara wake haupungui kwa kuchelewa nyumbani. Pembeni yake kuna dereva wa daladala. Huyu lazima apeleke hesabu kwa tajiri kila siku, aweke mafuta, kinachobaki wagawane na konda. Kila dakika anayosimama pale inakula safari, na safari ndiyo ugali wa watoto. Njia hakuichagua, nauli hakuipanga, hesabu amepangiwa. Ukimwambia apotezee, unamtaka asisikie uchungu wa hasara iliyo ya kweli.

Utafiti unamuunga mkono dereva. Kuanzia mwaka 1967, watumishi wa serikali zaidi ya 17,000 jijini London walifuatiliwa afya zao katika uchunguzi unaojulikana kwa jina la Whitehall. Wengi wangetarajia wakubwa, wenye majukumu mazito, ndio wafe zaidi kwa maradhi ya moyo. Ikawa kinyume: wa ngazi za chini ndio waliokufa zaidi. Uchunguzi wa pili, ulioanza 1985, ukaonyesha kwamba mtu asiye na sauti juu ya kazi yake, namna ya kuifanya na mwendo wake, yumo katika hatari kubwa zaidi ya maradhi hayo. Kwa hiyo mikono mitupu nayo inaumiza, tena inaumiza mwili.

Watetezi wa kuachia watasema: hata dereva huyo, akikasirika barabara haifunguki, basi heri atulie. Ni kweli, na kwa jioni moja ningemshauri hivyo. Ila utulivu wa jioni moja ukigeuka mazoea ya maisha, mtu anaweza kuacha kujaribu hata mlango unapokuwa wazi. Waislamu wengi wanaijua hadithi ya aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache huru amtegemee Mungu. Akajibiwa: mfunge, kisha tegemea. Mpangilio huo ndio ninaoutetea. Kwanza mtu awe na kamba, ndipo tumwambie aache mengine.

Aprili 2015 madereva wa Tanzania waligoma, na moja ya madai yao ilikuwa mikataba ya ajira. Sioni kwamba walishindwa kuachilia. Waliona msongo wao unatoka wapi wakaushika hapo. Mkataba wenye mshahara unaojulikana ungemwondolea dereva mzigo ambao hakuna kiasi cha kuvuta pumzi kinachoweza kuuondoa, na anayemtakia nafuu amsaidie kuudai.