A ya KCSE na Udaktari: Mtihani Mmoja Watosha?

Matokeo ya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari Kenya, yakitoka, mtoto wa Mombasa aliyepata A au A- haulizwi anataka kusomea nini. Anaulizwa udaktari atausomea chuo gani. Pongezi zinamiminika kutoka Kisauni hadi Likoni, na ni wachache wanaomwambia kwamba kutimiza masharti si kupata nafasi.

Nafasi zenyewe hugawanywa na KUCCPS, shirika la serikali linalowapanga wanafunzi vyuoni, kwa pointi za klasta, yaani kundi la masomo manne yanayotakiwa na kozi. Biolojia, kemia, hisabati au fizikia, pamoja na Kiingereza au Kiswahili, hupimwa juu ya pointi 48, na jumla ya masomo saba, yenye upeo wa pointi 84, nayo huingia kwenye hesabu. Waombaji ni wengi, viti ni vichache, na sehemu ndogo tu ya pointi yaweza kumweka mtu nje.

Je, ni haki mtihani mmoja uamue nani awe daktari? Wanaoutetea wana hoja nzito. Msahihishaji hajui mtahiniwa ni mtoto wa nani. Ukileta mahojiano, kujuana kutaingia mlangoni kabla ya mwombaji mwenyewe, na mtoto wa mwendesha bodaboda wa Mtongwe ndiye atakayeumia kwanza. Tena masomo ya udaktari ni miaka sita, halafu mwaka wa mazoezi hospitalini. Asiyeimudu kemia ya kidato cha nne atateseka kwenye biokemia. Kwa hoja hizi, mimi nauunga mkono mtihani ubaki.

Lakini tuangalie kinachopimwa. Karatasi ya tatu ya kemia hufanywa maabara. Mtahiniwa anamimina tindikali kutoka kwenye bureti, yaani mrija wa kioo wenye alama za vipimo, tone kwa tone, mpaka rangi igeuke, kisha anasoma kipimo hadi desimali mbili. Matone yakizidi, au kiputo cha hewa kikibaki kwenye ncha ya bureti, jibu linaharibika. Aliyeshika bureti kila wiki tangu kidato cha kwanza hufanya kazi hiyo bila wasiwasi. Aliyekuwa akimtazama mwalimu akionyesha mbele ya darasa zima, kwa sababu vifaa havitoshi, anaingia na mkono unaotetemeka. Wote wawili watawekwa kwenye mizani moja, na tutasema mmoja ana kipaji kuliko mwenzake. Hapo ndipo sikubali. Karatasi haina upendeleo, ila safari ya kuifikia inao.

Kuna wanaojibu kwamba aliyekosa ana njia nyingine, na ni kweli. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, kina kampasi yake hapa hapa mjini, na diploma ya utabibu (clinical medicine) huchukua miaka mitatu. Matabibu ndio wanaobeba vituo vingi vya afya nchini. Kuwaita walioshindwa kuwa madaktari ni kukosa adabu. Tatizo ni kwamba tabibu mahiri akitaka baadaye kusomea shahada ya udaktari, anaanza karibu upya, mara nyingi kwa karo ya kujilipia. Mlango upo, lakini mwenye mshahara wa kawaida na watoto wa kulea haumudu. Pesa za umma zingeufungua huo, tungepata madaktari waliokwisha kuwajua wagonjwa.

Na wakati ni mfupi. KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo) ni ya mwaka 2027. Katika mfumo mpya, mwanafunzi huchagua mkondo kabla ya kuingia gredi ya 10, na anayeutaka udaktari lazima ashike ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Shule ya jirani isipokuwa na maabara ya maana, mchujo utakuwa umempitia akiwa na miaka kumi na mitano, hata kabla ya mtihani wenyewe. Mzazi wa gredi ya 8 leo aende kwenye hiyo shule ya sekondari anayoifikiria, aombe afunguliwe maabara, ahesabu bureti.